Kurasa Sita za Subilaga

Wiki haimbebi mwenziwe. Methali hiyo mmeisikia asubuhi hii kwa wachuma chai, mkauliza ni nani aliyeisema kwanza na alikuwa na maana gani. Haikutoka mbali. Ilizaliwa katika chuo kilicho hapo juu ya mashamba, na chanzo chake ni Ijumaa moja ya mwezi wa tatu, siku ambayo kiti cha Subilaga kilianza kukaa kitupu.

Subilaga alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, binti wa miaka ishirini na miwili, mtulivu, mwenye mwandiko wa kulala upande. Alisoma darasa la uandishi chini ya Mkufunzi Asukile. Darasa hilo lilikuwa na desturi yake. Kila mwanafunzi alipigiwa msumari ukutani, na juu yake jina lake. Kila Ijumaa, kabla ya saa tisa alasiri, alitundika ukurasa mmoja unaoeleza jambo moja aliloliona kwa macho yake wiki ile. Halikuwa lazima liwe jambo kubwa. Mmoja aliwahi kuandika juu ya kuku aliyeingia bwaloni na kukaa kwenye kiti cha mkuu wa chuo, akapata alama nzuri kuliko wote. Muhula ulikuwa na wiki kumi na mbili, kwa hiyo kurasa kumi na mbili. Aliyekuwa na kurasa chini ya tisa hakufanya mtihani, alirudia mwaka. Kurasa zilibaki pale ukutani, na yeyote aliyetaka aliruhusiwa kuzisoma.

Ijumaa hiyo ilikuwa ya wiki ya nne. Subilaga alikuwa ndiyo kwanza ametundika ukurasa wake pale kaka yake Lusajo alipotokea mlangoni, buti za mvua zimejaa tope hadi magotini. Mkufunzi akampa ishara aingie.

"Dada, mama ameanguka shambani," Lusajo alisema. "Anaongea, lakini mkono wa kulia umekataa. Anakuita."

Subilaga alisimama akakusanya vitu vyake. Mkufunzi Asukile akamsindikiza hadi barazani.

"Nenda ukamuuguze mama," alimwambia. "Kurasa zako uziandike hukohuko. Gari la maziwa linatoka kwenu na kupita hapa kila Ijumaa. Mpe dereva, atanifikishia."

"Sawa, mwalimu."

"Kila Ijumaa, Subilaga."

"Nimesikia, mwalimu."

Akaondoka. Kijijini alimkuta mama yake, Mama Lusajo, amelazwa chumba cha mbele, karibu na dirisha. Mganga wa zahanati alikuwa amekuja akasema ni kiharusi, lakini si kile kikali, na wenye hali kama hiyo hupona. Nyumba nzima ikaamini hivyo. Subilaga akashika kazi: kumgeuza mama, kumwogesha, kumnyoosha vidole vya ule mkono kimoja kimoja, kupika ndizi laini na kuziponda kwa mtindi, kufua, kupokea wageni. Mchana ulikuwa mfupi.

Ijumaa ya kwanza gari la maziwa lilipita na kupiga honi chini barabarani. Subilaga alikuwa na mikono ya sabuni. Akasema moyoni, wiki ijayo nitaandika mbili. Ijumaa ya pili ilimkuta amekaa na wageni wa kanisani. Akasema, nitaandika tatu. Ijumaa ya tatu hakuisikia honi kabisa. Kuanzia hapo alijiambia kwamba kwa kuwa deni lenyewe limekwisha kuwa kubwa, ni afadhali mama apone kwanza, kisha atakaa chini siku moja na kuziandika zote kwa utulivu. Hakuwa mvivu. Alifikiri jambo hilo linawezekana, kama vile nguo za wiki tatu zinavyofuliwa kwa siku moja.

Siku moja mama alimuuliza, "Wewe, yule mwalimu wako hadai kazi?"

"Anadai, mama."

"Basi mwandikie kwamba leo nimekula nikamaliza bakuli."

"Nitaandika zote kwa pamoja. Wewe pumzika."

Wiki ya sita ya ugonjwa, Jumanne asubuhi, Mama Lusajo alishikwa mara ya pili. Safari hii hakuongea. Alifariki Jumatano. Akazikwa Alhamisi kando ya migomba, mvua ikinyesha, na kesho yake matanga yakaanuliwa. Jumamosi Subilaga akarudi chuoni na sanduku lake dogo na kitambaa cheusi kichwani.

Aliyempokea bwenini ni Gwantwa, rafiki yake, msichana mwenye domo ambaye hakuwahi kukaa kimya hata msibani. Alimkumbatia, akalia naye kidogo, akamchemshia chai. Kisha akamweleza mambo yalivyo. Wiki ya kumi ilikuwa imekwisha. Kwenye msumari wa Subilaga zilikuwa zinaning'inia kurasa nne tu.

"Zimebaki wiki mbili," Gwantwa alisema. "Nne na mbili ni sita. Wanataka tisa. Ulituma ngapi?"

"Sikutuma."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Gwantwa akanywa chai yake. "Basi kesho ni Jumapili. Kaa hapa uandike sita. Tutasema dereva wa maziwa alizisahau chini ya kiti chake. Yule mzee husahau hata madumu, nani atabisha?"

"Mkufunzi atajua."

"Atajuaje? Mvua ya mwezi wa tatu na mvua ya mwezi wa nne, hata mawingu yenyewe hayajui kuzitofautisha. Andika mama, andika mvua, andika migomba. Shoga yangu, si unataka kufanya mtihani?"

Alitaka. Mama yake alikuwa amewaambia watu wote wa kanisani kwamba binti yake anamaliza chuo mwaka ujao, na Subilaga alitaka jambo hilo liwe kweli.

Jumapili baada ya ibada alikaa mezani katika maktaba. Alidhani itakuwa vigumu, lakini maneno yalikuja yenyewe. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kufika saa kumi alikuwa amemaliza wa sita. Akaweka juu ya kila mmoja tarehe ya Ijumaa yake. Akausugua mmoja kidogo kwa kiganja ili uonekane umesafiri. Gwantwa alipozisoma alitoa machozi, akasema kwamba kama hizi hazipati alama, basi hakuna haki.

Jumatatu akazipeleka ofisini kwa Mkufunzi Asukile. Gwantwa alibaki barazani, akijifanya anasoma matangazo.

Mkufunzi alimpa pole, akamuuliza juu ya mazishi na hali ya Lusajo. Kisha akapokea kurasa, akavaa miwani, akasoma. Alisoma zote sita bila kuinua kichwa. Alipomaliza akazipanga mezani kwa tarehe zake.

"Hizi uliziandika lini?"

"Kila wiki, mwalimu. Dereva alizisahau."

Mkufunzi hakumbishia. Akausogeza ule wa kwanza mbele yake. "Hebu nisomee mwanzo wa huu."

Subilaga akasoma: "Mama amelala karibu na dirisha, na mwanga wa asubuhi unaaga uso wake kama mgeni anayejua kwamba hatarudi."

"Hapo mama alikuwa na siku ngapi tangu aanguke?"

"Siku... kama saba."

"Mlijua kwamba atafariki?"

"Hapana, mwalimu. Tulijua atapona. Mganga alisema atapona. Hata yeye mwenyewe alikuwa anaongea vizuri, anatania watu."

"Alimtania nani?"

"Lusajo." Subilaga akatabasamu bila kupenda. "Alikuwa anamnywesha uji kwa kijiko, akamwagia shingoni. Mama akamwambia, 'Baba, mimi ni mama yako, si bustani ya kabichi.' Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini."

Mkufunzi naye akacheka, taratibu, kifuani. "Ilikuwa wiki gani hiyo?"

Subilaga akafungua mdomo. "Ya kwanza," alisema. Kisha, "Au ya tatu. Kulikuwa na jua." Akafikiri tena. "Sijui, mwalimu."

"Humu haimo."

"Haimo."

"Na wiki ya pili alikula nini? Nani alikuja? Ule mkono ulikuwa umeanza kusogea?"

"Ulisogea. Siku moja alishika kikombe." Akaitazama tarehe ya ule wa pili. "Sikumbuki ilikuwa lini. Ninachokiona ni ile Jumanne tu. Nikijaribu kurudi nyuma, nakutana na Jumanne."

Mkufunzi akazigusa kurasa moja baada ya nyingine. "Umeandika vizuri, Subilaga. Lakini katika huu wa kwanza mama anafariki. Katika huu wa pili anafariki. Katika huu pia. Mama aliyemwambia mwanawe kwamba yeye si bustani ya kabichi, mimi sijamwona popote. Wiki tano alikuwa hai, na hapa ameoshwa na kusitiriwa toka siku ya kwanza."

Subilaga aliweka mikono miwili juu ya meza. "Nilidhani wiki ya mwisho itanibebea zote," alisema.

"Ile ya mwisho ilikuwa na mzigo wake, na ulikuwa mzito," Mkufunzi alijibu. "Wiki haimbebi mwenziwe."

Kisha akavua miwani. Akamwambia kwamba kanuni ya kurasa tisa aliiweka yeye mwenyewe, na msiba ni msiba. Akitaka, atazipokea zote sita na kuzitundika, naye atafanya mtihani na wenzake. Hakuna atakayeuliza.

"Zitakaa ukutani?" Subilaga aliuliza.

"Zitakaa ukutani, kama za wengine. Watu watazisoma."

Alizitazama pale zilipopangwa, tarehe sita, mwandiko mmoja, wino mmoja. Lilikuwa ni jambo la kusema ndiyo tu, kisha mwaka ujao amalize, na watu wa kanisani waone kwamba mama yake hakuwadanganya. Barazani Gwantwa alikuwa ameacha kujifanya. Sikio lilikuwa mlangoni kabisa.

"Usizitundike, mwalimu," Subilaga alisema. "Nitarudia mwaka."

"Fikiri kwanza."

"Nimefikiri. Atakayesoma hizi ataambiwa kwamba mama hakucheka."

Mkufunzi Asukile akazikunja akamrudishia. Alasiri ile yeye mwenyewe akatundika kwenye msumari wa Subilaga karatasi sita tupu, kila moja na tarehe yake juu. Chini ya zile tarehe hakuandika kitu.

Gwantwa alikasirika siku mbili. Siku ya tatu, bwaloni, kijana mmoja wa zamu ya kuosha vyombo, aliyekuwa ametoroka zamu ya wiki iliyopita, aliahidi kwamba ataosha vya wiki mbili kwa mara moja. Gwantwa akayatazama masufuria yaliyoganda ugali, akamwambia, "Kaka, wiki haimbebi mwenziwe." Meza nzima ikacheka. Kufika mwisho wa muhula kila mtu chuoni alikuwa anaisema, wengi bila kujua ilikotoka. Kutoka chuoni ikateremka mashambani, na huko ilipata makao ya kudumu, maana mchuma chai anajua kwamba jani la wiki hii usipolichuma, wiki ijayo hulikuti limekungoja. Unakuta limekomaa, gumu, la kutupwa. Ndiyo maana leo mmeisikia kwa wachuma chai mkadhani ni yao.

Subilaga alirudia mwaka. Alitundika kurasa kumi na mbili kati ya kumi na mbili, akafaulu, akawa mwalimu wa shule ya msingi ng'ambo ya mto. Zile sita hakuzichana. Likizo iliyofuata msiba alikwenda nazo nyumbani, akampa Lusajo azisome. Lusajo alizisoma amekaa kizingitini, akasema ni nzuri sana, na kwamba mama angefurahi. Subilaga akamuuliza kama anakumbuka mama alivyomtania siku ile ya uji, ile ya bustani ya kabichi, na kama anakumbuka ilikuwa wiki gani.

Lusajo akafikiri kwa muda mrefu.

"Uji nakumbuka," alisema. "Kwamba alisema hivyo, sikumbuki, dada. Alisema hivyo kweli?"

"Alisema."

"Basi alisema."

Hiyo ndiyo maana yake, si zaidi. Anayeisema hamkemei mvivu; mvivu ana methali zake nyingi. Anamkumbusha mtu mwenye sababu nzuri, aliyebanwa kweli, kwamba kilichoonwa Jumanne hii hakitaletwa na Jumanne nyingine, hata iwe njema kiasi gani. Wiki haimbebi mwenziwe. Siku hizi pale chuoni, mwanafunzi akiitwa nyumbani kuuguza, msajili humwandikia hati ya ruhusa na kuibana pamoja na karatasi tupu, moja kwa kila wiki atakayokuwa hayupo.