Wali Ulioziba Neno

Hapo zamani, enzi ambazo njaa iliingia nyumbani bila kupiga hodi, alikuwapo bwana mmoja, Msellem, mwenye shamba la mpunga. Mpunga ukikaribia kuiva, alimwajiri mtu wa kukaa dunguni, kile kibanda cha juu ya miti, na kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, kutwa kucha.

Kwao mapatano ya kazi hayakufungwa kwa kupeana mkono. Mwajiriwa aliwekewa sahani ya wali, na kabla hajala aliulizwa mara tatu, "Una neno?" Mwenye safari alisema hapo, mwenye mgonjwa alisema hapo. Akishameza, basi, hana ruhusa mpaka mavuno.

Mwaka huo alikuja Kijoli na mkewe, Mwanashehe. Kijoli alikuwa na safari. Mamake kipofu alikaa kwa jirani ng'ambo ya mto, naye alimwapia: mwezi ukiandama, nakuja kukuchukua.

"Una neno?" Msellem aliuliza, macho juu, maana ndege walishaanza kuzunguka. Hakuuliza tena.

Mwanashehe alimfinya mumewe. "Ukitaja safari atatafuta mwingine. Kula, baba watoto. Utasema kesho."

Naye akala. Jitu zima na ndevu zake, likala!

Mwezi ukaandama. Kijoli akashuka dunguni. "Bwana, mama ananingoja."

"Ulikuwa na mdomo, ukautia wali. Panda juu!"

Akapanda. Akarusha mawe kwa kombeo huku analia, leo, na kesho yake. Kisha moyo ukamshinda, akakimbia.

Jirani alimpokea kwa kilio. "Mama yako alikaa kizingitini na kifurushi chake. Tukimpa chakula, anasema atakula kwa mwanawe. Jana alitoka akipapasa njia. Tumemtoa mtoni."

Kijoli akamzika, akarudi. Shambani ndege walibakiza mabua matupu, na kijiji kizima, kilichotegemea mpunga huo, kikakosa cha kupika.

"Mimi niliuliza, yeye akanyamaza," alisema Msellem.

"Uliuliza mara moja!" alisema Mwanashehe. "Na mimi watoto wangu walikuwa wanalala na maji tumboni. Sikuapa mimi, aliapa yeye."

Kijoli hakusema kitu. Alikwisha kuzoea.

Haya, nyie mnaotikisa vichwa, mimi usingizi umenipaa kwa ajili yao. Aanze aliyewahi kulala na njaa: je, nani aliyemtia yule mama mtoni?