Vipima Unyevu vya Shemdoe

Dukani kwa Shemdoe, vipima unyevu wa udongo vilikaa kwenye kreti moja, feki na orijino, na yeye peke yake ndiye aliyejua kuvitofautisha. Msimu uliopita, alivyonunua Nakijwa, fundi redio, vilimwambia kwamba shamba la kikundi chake limelowa, kumbe vitunguu vinakauka. Alipolalamika, Shemdoe alimjibu mbele ya wateja, "Mama, vyote orijino, bei moja. Chagua mwenyewe."

Safari hii Nakijwa alimnong'oneza, "Kaka, nimepata tajiri asiyejua kitu. Nipe ishirini, feki tupu. Kikiingia orijino hata kimoja, majibu yatapingana na nitaumbuka."

"Sasa umeamka," Shemdoe alicheka. Akavaa miwani, akachambua kreti nzima kwa mikono yake.

"Chukua vya kushoto. Vya kulia ni orijino, achana navyo."

Nakijwa akajaza kikapu kwa vya kulia, kisha akapaza sauti hadi wateja wakageuka.

"Nimechagua mwenyewe, kaka. Bei ni moja, au hivi vya kushoto vina tatizo?"

Shemdoe aliwatazama wateja.

"Havina," alisema, akamfungia kikapu.