Maganda Meusi

Saa nne na robo asubuhi, Jumamosi, matone kumi ya mafuta ya maganda ya korosho yalidondoka katika maji ya bikaboneti, na halikupanda povu hata moja. Asidi ya anakadi, iliyomo kwenye maganda hayo, ikikutana na bikaboneti hutoa gesi. Mafuta haya yalitulia kama maji ya mtungini.

Mwanaima alirudia jaribio mara tatu katika maabara ya sekondari aliyoazimwa mjini Nachingwea. Bilashi. Sampuli ya asidi ilitakiwa chuoni kwake Dar es Salaam Jumanne. Asipoifikisha, mradi umekufa, naye atarudia mwaka huku wenzake wakivaa majoho.

"Aliyekupa maganda, ulimuuliza yamepita wapi?" alisema Mwalimu Saturnini, msimamizi wa maabara.

"Mwalimu, mimi mzaliwa wa Mkotokuyana. Mtu wa huku akaulize habari za korosho?"

"Haya, kaa nazo."

Msomi mzima wa kemia amuulize mbanguaji! Hata hivyo, ilipofika saa sita alimeza aibu kama maji ya mwarobaini, akampigia simu Mama Albina wa Ruangwa, aliyempa gunia la maganda.

"Shikamoo, mama. Yale maganda, korosho zake ulizifanyaje kabla ya kubangua?"

"Marahaba. Nizifanyeje tena? Nilizikaanga mpaka zikawaka moto, ndipo nikabangua. Hukuona maganda yalivyo meusi?"

"Nilidhani ndiyo rangi yake."

Albina aliangua kicheko. "Msomi wetu! Tangu uzaliwe hujaona ganda la korosho iliyobanguliwa mbichi? Mbichi ina utomvu, inachubua vidole hivi hivi. Ukikaanga, ukali unapungua."

Mwanaima alifumba macho. Ukali huo ndio asidi yenyewe. Moto mkali huinyang'anya kabonidayoksaidi, ikabaki kadanoli, ambayo haitoi povu. Albina hakulijua jina la asidi, lakini vidole vyake vilikuwa na jibu siku zote.

Alasiri Mwanaima alikuwa Ruangwa. Albina alijipaka majivu mikononi, akabangua kilo mbili za korosho mbichi huku akimtania. Mwanaima aliponda maganda, akayaloweka kwenye spiriti, mbali na jiko.

Jumapili, saa tatu asubuhi, alichuja, akadondosha matone kumi kwenye chupa ya maji ya bikaboneti. Mapovu yakapanda, madogo madogo, mpaka shingoni mwa chupa.

"Toba! Yanachemka bila moto!" Albina alirudi nyuma.

Mwanaima aliketi chini palepale, akashusha pumzi, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Ungeniuliza siku ile unabeba gunia," alisema Albina, "saa hizi ungekuwa umelala kwenu."

Jumatatu alfajiri basi liliondoka Ruangwa, chupa ya sampuli ikiwa mapajani mwa Mwanaima. Jumanne, saa tano kasoro dakika kumi, mhadhiri wake aliipima sampuli, akaona povu, akatia sahihi. Kweli, kuuliza si ujinga.