Salamu ya Pili Ndani ya Ndege

Wenye watoto wadogo na wenye wazazi wakali, simameni hapa kidogo. Ni fupi, haimalizi bando. Ukiimaliza, mpelekee yule utakayeanza kumfikiria ukifika katikati.

Palikuwa na mama mmoja kijana, Tusekile, akiishi Dar es Salaam na mumewe na mtoto wao wa kiume, Lusajo. Lusajo alikuwa hajatimiza miaka miwili, ule umri ambao mtoto anasafiri kwenye ndege kwa kupakatwa, na mama anashuka hana mgongo.

Siku moja mama na mwana wakapanda ndege kwenda Mbeya, kwenye harusi ya mdogo wake Tusekile wa mwisho. Mume angefuata baadaye. Tiketi alizikata kaka mtu, Ambokile, huko huko Mbeya, kwa simu, zote kwa mkupuo mmoja. Na kompyuta ukiikatia ndugu kwa mkupuo mmoja inawaketisha pamoja. Haiulizi nani amenuniana na nani.

Basi Tusekile alipofika kwenye kiti chake, dirishani alikuwa ameshakaa baba yake mzazi, Mzee Ambakisye, aliyekuja Dar kutibiwa macho na sasa anarudi kwake.

Hawa wawili walikuwa hawasemeshani. Tusekile alifunga ndoa bomani bila kumwambia baba yake, na mzee akazipata habari kwa watu, tena sokoni, ameinama anachagua viazi. Likamuuma sana. Baadaye Tusekile alipokwenda kumwona, akamwamkia, "Shikamoo, baba." Mzee akanyamaza, macho kwenye televisheni.

Nanyi mnajua mambo yetu. Mtu anaweza kukunyima vingi ukavumilia, lakini akikunyima marahaba amekufukuza bila kunyanyua mkono. Tusekile aliondoka analia, akaapa hatamwamkia tena. Miaka miwili ikapita hivyo.

Akamwomba mhudumu ambadilishie kiti.

"Dada yangu, leo ndege imejaa," mhudumu akamjibu. "Hata mimi ningepata pa kukaa ningeshukuru."

Tusekile akaketi. Mzee akavuta kofia yake, akageukia dirisha, akaanza kulitazama pangaboi la ndege utadhani amelinunua yeye.

Sasa sikilizeni shida yenyewe. Lusajo alikuwa katika msimu wa salamu. Neno alilokuwa amejifunza mwezi ule lilikuwa moja, "Kamoo!", na alilitumia kwa kila kitu: paka, friji, mlinzi wa getini, ng'ombe aliyechorwa kwenye pakiti ya maziwa. Akishasalimia anasubiri. Asipoitikiwa anarudia, kwa sauti kubwa zaidi, bila kinyongo chochote.

Tusekile mwenyewe alishazoea kunyamaziwa. Lakini mwanawe anyamaziwe, na babu yake wa damu, mbele ya abiria? Hilo hakuwa tayari kuliona. Akasema moyoni, mpaka tunatua, huyu mtoto hageuki upande wa dirisha hata kidogo.

Kwa bahati alikuja amejiandaa. Kwenye mkoba alikuwa na makopo madogo yenye vifuniko, funguo za zamani, kijiko cha mbao na rimoti iliyokufa, na kila kimoja alikuwa amekizungushia gazeti ili mtoto achukue muda kukifungua. Mwanamke huyu alikuwa fundi.

Ndege ikapaa. Akampa maziwa ameze, masikio yasimuume. Kisha akampa kopo la kwanza. Lusajo akachana gazeti, akafungua kifuniko, akafunga, akafungua. Mambo yakawa shwari, mama akaanza kupumua.

Kopo likaanguka, likabingirika mpaka miguuni pa mzee. Tusekile akaganda. Mzee akalisukuma kwa ncha ya kiatu, likarudi, yeye bado anatazama nje.

Rimoti ikafuata. Lusajo akaielekeza kwa mhudumu, akabonyeza, mhudumu akajifanya amezimika amesimama. Watu wakacheka. Kijiko kikapigwa kwenye meza mpaka abiria wa mbele akageuka mara mbili, kikafichwa. Funguo zikatupwa. Makopo yakachokwa. Wenye watoto mnajua: kilichomshughulisha nyumbani wiki nzima, angani kinamshughulisha muda wa kupiga chafya.

Hapo Tusekile akachomoa mfuko wa karatasi wa kutapikia kwenye mfuko wa kiti, akatoa wanja, akauchora macho na mdomo, akauvaa mkononi.

"Kamoo!" Lusajo akaupigia kelele.

"Marahaba, bwana mkubwa, hujambo?" mfuko ukajibu kwa sauti nene.

Mtoto alicheka mpaka akapata kwikwi. Akasalimia tena, ukaitika tena. Mama mmoja wa kiti cha nyuma akasema, "Jamani, huyu dada aajiriwe humu humu." Tusekile akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akaona ameshinda.

Kumbe shida ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Lusajo akautaka mfuko. Akauchomoa mkononi mwa mama yake, akauvaa mwenyewe mpaka kwenye kiwiko, akatafuta wa kumwonyesha. Na kabla mama hajamshika, akawa ameshageuka.

"Kamoo!"

Mzee akatulia, uso dirishani.

"Kamoo!"

Kimya.

"Lusajo, njoo uone taa, baba," Tusekile akasema haraka. "Njoo uone ile taa pale juu."

Taa nani anaitaka? Mtoto alijinyoosha, akaweka mkono kwenye goti la mzee, akainua sauti. "KAMOO!"

Ndege nzima ikasikia. Tusekile alihisi machozi yanapanda, akamvuta mtoto kiunoni, mtoto akashikilia koti la mzee asitoke. Akarudia tena na tena, na hakuwa amekasirika hata kidogo. Alikuwa anashangaa tu. Mwisho akasogeza uso wake karibu kabisa, akanyoosha kidole, akamgusa mzee mdomoni, kama anayekagua kitu kilichoharibika aone kimekwama wapi.

Mzee akakishika kile kidole.

"Marahaba," akasema.

Sauti ilitoka imekwaruza. Lusajo akapiga makofi. "Kamoo!"

"Marahaba."

"Kamoo!"

"Marahaba, mjukuu wangu, marahaba."

Wakaendelea hivyo mpaka Iringa ikapita chini yao. Mzee alikuwa ameshageuka mzima mzima, kofia imekaa upande, na mfuko wa kutapikia sasa alikuwa ameuvaa yeye. Tusekile hakujua aangalie wapi.

Kisha Lusajo akakumbuka kwamba mchezo una watu watatu. Akamgeukia mama yake, akamwonyesha mzee kwa kidole.

"Mama! Kamoo!"

"Mama ameshasalimia," Tusekile akamjibu taratibu.

"Mara moja," mzee akasema.

Alisema akimtazama mtoto, si mama yake.

"Ulisalimia mara moja," akarudia.

Tusekile akageuka. "Na hukuitikia, baba."

"Sikuitikia. Nilikuwa na hasira, nikasema moyoni, akirudia nitaitikia." Mzee aliuvua ule mfuko mkononi, akaukunja magotini. "Nikasubiri. Kwenye msiba wa shangazi yako nilihamisha kiti changu nikakiweka mlangoni kabisa, ili ukiingia usipate pa kupita ila mbele yangu. Ukapitia jikoni."

"Nilipitia jikoni kwa sababu nilikuona mlangoni."

"Najua."

"Mimi nilidhani umenifuta, baba. Nilikuwa nasubiri uniite."

"Nami nilikuwa nasubiri urudie," mzee akasema. "Basi tumekaa miaka miwili, kila mtu na subira yake."

Lusajo, ambaye hakuwa na habari na miaka miwili, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa nayo, akampiga mama yake kofi dogo gotini. Zamu yake ilikuwa imefika na alikuwa anachelewesha mchezo.

"Kamoo!"

Tusekile akamtazama baba yake usoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama," mzee akasema. "Marahaba sana. Hujambo?"

"Sijambo, baba."

"Na mwenzio je, baba yake huyu?"

"Hajambo. Atakuja Ijumaa."

"Aje. Mwambie asipitie jikoni."

Tusekile akacheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. Yule mama wa kiti cha nyuma akapitisha leso kati ya viti bila kusema kitu, na ninyi mnamjua mama wa aina hiyo, kunyamaza kulimgharimu sana. Mzee akamchukua mtoto akampakata. Ndege ilipoanza kushuka Lusajo alikuwa amelala kifuani kwa babu yake, mdomo wazi, na mzee hakuthubutu kusogeza mkono ingawa ulikuwa umekufa ganzi. Tusekile akasinzia pia.

Ambokile alikuwa uwanjani anawasubiri, moyo juu. Usiku alikuwa amegundua viti alivyowakatia, akakosa usingizi, na asubuhi akaona bora arekebishe makosa yake: akakodi magari mawili, moja la baba, moja la dada, yaondoke kwa kupishana.

Akawaona wanatoka. Mbele baba yake, mtoto begani. Nyuma dada yake, kabeba kofia ya mzee na mkoba wa makopo.

"Shikamoo, baba," Ambokile akasema, macho yanahama huku na huku. "Nimekuja na gari mbili. Wewe panda hii ya mbele, Tusekile atapanda..."

"Marahaba. Mbili za nini?" mzee akauliza.

Ambokile akayatazama magari.

"Hiyo ya pili pakia mizigo," mzee akasema, akafungua mlango wa nyuma, akasogea kumpisha binti yake aingie kwanza.

Funzo: Salamu yako isipoitikiwa, irudie kabla hujanuna. Mtoto husalimia mpaka ajibiwe. Sisi wakubwa husalimia mara moja, tukakaa miaka tukimlaumu mtu ambaye alikuwa anaisubiri ya pili.