Sahani Moja na Kasuku wa Sultani

Hapo zamani, katika mji wa visima saba, alitawala Sultani Hazami, naye alikuwa na kasuku aliyempenda kuliko mawaziri wake wote, hata akaapa mbele ya baraza kwamba ndege yule hatakula ila kile alacho Sultani mwenyewe, sahani moja. Basi kasuku akala halua, akala sambusa, akanywa na kahawa, ikawa manyoya yanamtoka, sauti imemkauka, hata salamu hatoi.

Sultani akamwita Vuai, mtunza ndege. "Siku arubaini! Asipopona, kichwa chako halali yangu. Na kiapo changu hakivunjwi."

Vuai akarudi nyumbani, akasimulia yote. Mkewe Mwanakheri, mtoto mgongoni, hana hata kanga ya pili, akamsikiliza, kisha akasema, "Baba Fatu, wakikuua mimi nibaki na nani? Hebu nipishe mlangoni!" Akaenda mbio mpaka jikoni kwa Sultani, kabla hofu haijamrudisha, akawasihi wapishi wamwachie yeye sinia la siku ile.

Adhuhuri akamletea Sultani sinia: mchicha usiotiwa chumvi, papai, mtama uliochipua, na maji matupu.

"Nini hiki?" akanguruma Sultani.

"Chakula cha kasuku, Maulana," akajibu Mwanakheri. "Chumvi, sukari, mafuta na kahawa ndivyo vinavyomuua. Nawe umeapa hatakula ila ulacho wewe. Basi kula, Maulana, ndege ana njaa."

Waziri akaziba kinywa kwa ncha ya kilemba. Sultani akamtazama kasuku, shingo tupu kama yai, akaona haya kuvunja kiapo, akatafuna mchicha. Kasuku naye akadonoa.

Ikawa hivyo kila siku. Siku ya tatu Sultani akanong'ona, "Binti, japo kisambusa kimoja?"

"Chukua viwili, Maulana. Chako na cha kasuku."

Sultani akarudisha mkono.

Siku ya arubaini kasuku alikuwa amevaa manyoya mapya, na Sultani, aliyezoea kushikwa na watumishi wawili, akapanda ngazi peke yake. Baraza likakusanyika. Ndipo kasuku akafumbua mdomo, akasema kwa sauti ya Sultani mwenyewe: "Mchicha tena? Ee Mola wangu, mchicha tena?"

Sultani akacheka hata kilemba kikamwanguka. Vuai akaachiwa kichwa chake, na Mwanakheri akakabidhiwa ufunguo wa jiko la jumba. Na halua, Sultani aliila siku za Idi tu, nyuma ya mlango, kasuku asije akamsema.