Furushi la Bi Nyanjige

Mkutano ulishaanza, saa sita mchana, ndipo ikajulikana kwamba Bi Nyanjige kasahau turubai la kivuli. Alichekwa na kijiji kizima. Akainamisha kichwa, akakalia furushi lake.

Meneja wa mitambo ya umeme wa jua alisimama na suti yake. "Mwaka huu ushuru wa kijiji hakuna. Jua la hapa hafifu mno, hatukupata kitu."

"Pole, baba," alisema Bi Nyanjige. "Na zahanati yetu isiyo na paa? Hebu tueleze taratibu, wengine vichwa vizito."

Meneja akaeleza. Akaulizwa tena, akaeleza tena, mpaka tai ikalowa jasho.

"Jamani, jua hili litaniua!"

Bi Nyanjige akainuka, akafungua furushi. Kumbe turubai.

"Jua la kuua meneja litashindwaje kuezeka zahanati? Lipa, baba, tukufungie kivuli."