Mgao wa Mzee Shekiondo

Kidawa wa Ngamiani hakuogopa mtu ila mwenye nyumba. Chumba chake cha kompyuta alikipanga kwa Mzee Shekiondo, na habari zilipoenea kwamba Kidawa anatoa sarafu ya mtandaoni ya mashabiki wa mpira wa mtaani, mzee alifika kabla chai haijachemka.

"Nataka nusu," alisema, "tena kabla haijaingia sokoni. Ukikataa, hamisha kompyuta zako."

"Mzee, mtindo huo umepitwa na wakati. Siku hizi sarafu hufunguliwa kwa wote. Tajiri na muuza mihogo wanaanza pamoja."

"Mimi sianzi pamoja na muuza mihogo."

"Basi nusu ya nini, mzee wangu? Chukua zote. Mimi niachie chumba tu, mwaka mzima bila kodi."

Wakasaini mbele ya mjumbe wa mtaa, na sarafu zote zikaingia kwenye simu ya mzee.

Soko lilipofunguliwa, hakununua mtu. Mashabiki walichungulia mtandaoni, ambako kila mtu huona sarafu zimeshikwa na nani, wakakuta zote ziko mkononi mwa mmoja, wakajiondokea.

Jioni Kidawa akafungua sarafu ya pili, kwa wote kwa pamoja. Mtaa mzima ukaigombea. Mzee akaja anahema.

"Hiyo ina nini ambacho yangu haina?"

"Haina cha zaidi, mzee. Nimeitangaza tu kuwa ni sarafu ambayo Mzee Shekiondo hana hata moja."